Mandolini kuukuu ya bei nafuu: Usiiuze kabla hujaisikiliza

Kila baada ya miezi kadhaa hupigiwa simu kutoka Mombasa, Malindi au Lamu na mtu ambaye swali lake nalijua kabla hajamaliza salamu. Wamesafisha nyumba ya marehemu babu, juu ya kabati wamekuta mandolini. Nyuzi zimeota kutu, mbili hazipo, na kuna mtu wa kupamba mahoteli ametaja bei anaitaka aitundike ukutani. Je, ni ya thamani?

Jibu langu huwa ni swali: thamani ya kuuza au thamani ya kupiga? Mandolini nyingi zilizofika Afrika Mashariki zilikuwa za bei ya chini tangu siku zilipotoka kiwandani. Mnunuzi wa vitu vya kale hawezi kuzitajirisha. Ila upigaji una hesabu yake. Ala ambayo dukani ilikuwa ya mwanafunzi, ya plaiwudi, iliyopakwa rangi ionekane kama mbao ghali, inaweza kuwa ndiyo hasa inayofaa muziki wetu. Leo nataka nieleze kwa nini, na jinsi ya kuipima kabla hujamwachia mpambaji.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Udi niliushika mapema, lakini kazi ilinileta Kisumu na sasa ni mwaka wa kumi na moja. Ile reli iliyoanzia kwetu mwaka 1896 ilikomea hapa ziwani mwaka 1901, enzi mji ukiitwa Port Florence, na tangu hapo watu wa Pwani hawajakoma kuja. Hapa Kisumu ndipo nilipoipata mandolini ninayoitumia kuwa mfano. Ni Harmony, aina iliyoitwa Monterey, niliyouziwa na mwalimu mstaafu wa upande wa Maseno kwa shilingi 6,000. Aliachiwa na mwalimu mwenzake Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao.

Ukoo wake

Kwanza tuelewane ni mandolini gani tunayoizungumzia, kwa sababu ziko za maumbo mawili makubwa. Ya kwanza ni ya Kitaliano, yenye tumbo la duara kama nusu ya boga. Anayeujua udi ataona undugu papo hapo. Udi ulipoingia Ulaya kupitia Waarabu ulizaa ukoo mzima wa ala za nyuzi, na mandolini imo katika ukoo huo. Kwa hiyo mtu wa Pwani akishika mandolini hajashika kitu cha kigeni kabisa. Ameshika mjukuu wa udi aliyezunguka dunia akarudi na nyuzi za chuma.

Umbo la pili ndilo hili la leo. Mwaka 1898 fundi Mmarekani, Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, alipata hati ya ubunifu ya mandolini isiyo na tumbo la boga. Aliuchonga uso wake ukabinuka kidogo katikati, na mgongo vilevile, kama fidla. Kampuni yenye jina lake ikaanzishwa mwaka 1902, na miaka ya 1920 ikatoa mandolini zilizo ghali mno leo, zenye matundu mawili ya umbo la herufi f usoni mahali pa tundu moja la duara.

Kuchonga uso wa namna hiyo kwa mkono ni kazi ya siku nyingi na hutaka mbao nzuri. Viwanda vya Chicago vikatafuta njia ya mkato. Harmony, kilichoanzishwa mwaka 1892 na kufungwa 1975, kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani kwa kutengeneza ala za bei nafuu. Kwa muda mrefu kilimilikiwa na Sears, kampuni iliyouza kila kitu kwa katalogi na posta, kuanzia majembe hadi magita. Njia ya mkato ilikuwa kutochonga. Ubao mwembamba, mara nyingi plaiwudi ya matabaka matatu, ulitiwa kwenye kalibu ya moto na kukandamizwa mpaka ukakubali kubinuka. Kazi ya siku ikawa ya dakika. Mwanga wa simu ukiupitisha kwenye ukingo wa tundu la f la mandolini yangu, yale matabaka matatu unayaona moja juu ya jingine kama chapati.

Bei ya chini haijawahi kumzuia mwenye muziki wake. Afrika Kusini kampuni ya Gallo iliuza magita rahisi ya Gallotone, mengine yakiwa na karatasi ndani iliyoahidi kwamba ubao hautapasuka. John Lennon wa Liverpool alianza na moja la hayo mwaka 1957, kabla dunia haijalisikia jina la Beatles.

Kwa nini inalia hivyo

Sauti ya mandolini huzaliwa hivi. Unapiga uzi, uzi unatikisa daraja, daraja linatikisa uso, uso unasukuma hewa iliyo ndani. Ubao mwepesi uliochongwa vizuri hutikisika kwa urahisi na kubaki ukitikisika, kwa hiyo sauti ni pana na inakawia kufa. Plaiwudi ni ngumu na nzito zaidi, na matabaka yake yamepishana, moja wima na jingine mlalo. Hutikisika kwa shida na kunyamaza upesi.

Ukiipiga utasikia mambo matatu. Besi ni haba, kwa hiyo usitarajie mguno wa udi. Sauti ya katikati imejaa, kavu, yenye makali, nayo inapenya. Tena kila noti inakatika mapema, haina mkia mrefu. Anayetaka mandolini ya kuimba peke yake katika chumba kitulivu ataiona maskini. Anayetaka ala ya kusikika kati ya dumbak, tari, kinanda na watu wanaopiga makofi atakuta kasoro hizo zinamsaidia. Besi ikiwa haba haigombani na ngoma. Noti ikikatika mapema, noti kumi zinazokimbizana zinasikika kumi na hazigeuki uji.

Noti ndefu hupatikana kwa mkono. Risha inapelekwa chini na juu haraka, bila kukaza kiwiko, mpaka noti inakuwa kama mvua ya rasharasha. Ndiyo sababu nyuzi ziko jozi: nane kwa jumla, jozi nne, kila jozi imetiwa sauti moja. Upangaji wake ni ule ule wa kawaida wa fidla: sol, re, la, mi, kutoka chini kwenda juu. Mpiga fidla anayetumia upangaji huo hahitaji kujifunza upya vidole vya mkono wa kushoto. Katika mikono ya mpiga fidla mmoja wa mtaa wa Kaloleni hapa Kisumu, mandolini yangu ilitoa wimbo kamili ndani ya robo saa, na hakuwa amewahi kuigusa ala hiyo.

Mikononi, ala hizi zina tabia zinazofanana. Shingo ni nene kuliko za kisasa, freti ni fupi na mara nyingi zimeliwa chini ya nyuzi za juu. Kati ya kizingiti cha juu na daraja kuna kama sentimita 35, kwa hiyo freti zimekaribiana. Mwenye vidole vinene ataona dhiki mwanzoni akizoea udi. Kwa mkono wa kijana wa miaka kumi na miwili, umbali huo ni raha tupu.

Inafaa nyimbo gani

Hapa ndipo mwenye ala anapaswa kuwa mkweli. Udi hauna freti, kidole hutua popote. Mandolini ina freti, na kila freti ni nusu sauti kamili. Maqamu kama rasti na bayati zina sauti za robo, na mandolini haiwezi kuzitoa. Mpiga udi wa Lamu akianza bayati, mwenye mandolini ama anyamaze ama aguse zile noti zisizomuumbua. Lakini nahawandi, kurdi na hijazi hupigika vizuri, na nyimbo zetu nyingi za Mombasa zenye ladha ya filamu za Kihindi zimekaa humo. Kumbuka pia taishokoto, ala ya Kijapani yenye vibonyezo kama vya taipureta iliyopata makao katika taarabu ya Mombasa. Nayo haina robo. Ilipendwa kwa yale yale: nyuzi za chuma, makali, na kusikika.

Chakacha ndipo mandolini ya plaiwudi inaponawiri. Ukishika nyuzi zote na kulegeza vidole mara tu baada ya kupiga, sauti inakatwa, "chak", na mkono wa kulia unakuwa ngoma nyingine. Ala yenye sauti ndefu haikatiki safi hivyo.

Kisumu imenifunza matumizi mengine niliyokuwa siyajui. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane pia, ila kila uzi una sauti yake. Mpigaji huketi kwenye kigoda, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu akigonga nayo ubao, huku vidole vya mikono vikichomoa noti fupifupi zinazojibizana, za chini kwa za juu. Zamani nyuzi zake zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki, isiyokosekana katika mji wa wavuvi. Benga ilizaliwa pale wapiga gita walipouhamishia mchezo huo kwenye gita. Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufariki katika ajali ya gari hapa Kisumu mwaka 2006, ndiye anayetajwa kuliko wote. Ukilisikiliza gita la solo la benga utasikia noti kavu, za haraka, zinazokatika, zikirudia msemo mmoja mpaka mwili ukubali.

Sasa rudi kwenye zile tabia tatu za mandolini ya plaiwudi: kavu, kali, inakatika. Ni mwito ule ule. Jirani yangu wa Dunga, mpiga nyatiti, alipoisikia mara ya kwanza alicheka, akasema hii haiimbi, inaongea. Kwa benga hiyo ni sifa. Tumeipiga pamoja mara kadhaa, yeye nyatiti, mimi mandolini, na sauti hizi mbili hazikanyagani, kwa sababu yake iko chini na yangu iko juu. Mandolini ghali ya kuchongwa niliyowahi kuazimwa ilizidi utamu, lakini noti zake ziliendelea kulia nyatiti ilipotaka kujibu.

Mtihani wa dakika kumi

Kabla ya kununua, kuuza au kutengeneza, ifanyie ala mtihani huu. Huhitaji zaidi ya simu yenye taa, karatasi na rula.

Shingo kwanza. Ishike kama mtu anayelenga bunduki, uangalie kutoka kichwani kuelekea darajani. Shingo iwe imenyooka au imeinama mbele kidogo sana. Kisha bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie freti ya saba. Pengo la unene wa karatasi moja au mbili ni salama. Likitosha kupitisha funguo, shingo imepinda, na nyingi za ala hizi hazina chuma cha kukaza na kulegeza ndani ya shingo. Nyingine zina chuma kilichozikwa tu, kisichorekebishika. Shingo iliyopinda sana ndiyo ugonjwa wa gharama.

Pili, kiungo cha shingo na mwili. Jaribu kupenyeza pembe ya karatasi pale kisigino cha shingo kinapokutana na mbavu. Ikiingia, gundi imeachia. Hili si kifo, lakini ni kazi ya fundi wa ala, si ya seremala wa vitanda.

Tatu, uso. Weka rula juu ya uso kando ya daraja. Lazima uone mbinuko. Ukiona bonde chini ya daraja, uso umezama. Ala za plaiwudi huzama mara chache, na hiyo ni faida yake nyingine. Hali ya hewa yetu, unyevu wa ziwa hapa na wa bahari huko, hupasua uso wa mbao nzima, lakini matabaka yaliyopishana hushikana.

Nne, gonga. Kunja kidole uugonge uso na mgongo pole pole, sehemu moja moja, ukisikiliza. Sauti ya "tok" ni nzima. Ukisikia mchakarisho, ubavu wa ndani umeachia gundi au matabaka yameachana. Angalia kwa taa ya simu kupitia tundu la f.

Tano, zungusha funguo zote nane kichwani. Ngumu si neno, hulainika. Iliyovunjika meno hubadilishwa.

Ala iliyofaulu mitihani miwili ya kwanza inafaa kutengenezwa. Mingine yote ni ya gharama ndogo.

Matengenezo yasiyovunja mfuko

Nyuzi ndizo tatizo la kwanza. Nyuzi za mandolini hukaa kwenye ndoano za mkia kwa kitanzi, na hapa Kisumu ni nadra kuzikuta dukani. Dawa iko katika nyuzi za gita la umeme, zinazopatikana. Nunua seti mbili za zile zinazoanzia namba 10. Chukua namba 10 mbili kwa jozi ya mi, 13 mbili kwa la, 26 mbili kwa re na 36 mbili kwa sol. Namba 17 na 46 zitabaki. Mpe jirani mwenye gita. Kila uzi wa gita una kijishanga cha shaba mwishoni. Kikamue kwa koleo mpaka kitoke, na kitanzi kinachobaki ndicho kitakachoshika ndoano ya mkia. Usitie nyuzi nene kuliko hizi. Hata hizi, zikikazwa zote, huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, na shingo yenye umri wa nusu karne haipendi mizaha.

Daraja la mandolini ya aina hii halijagundishwa. Linasimama kwa kukandamizwa na nyuzi tu. Kwa hiyo usitoe nyuzi zote kwa mpigo, badilisha jozi moja moja. Likiwa limeshahama, lirudishe kwa hesabu hii: umbali kutoka kizingiti cha juu hadi freti ya 12 ulingane na umbali kutoka freti hiyo hadi daraja, kisha lisogeze nyuma kidogo sana, upande wa nyuzi nene zaidi. Hakikisha kwa sikio. Noti ya freti ya 12 iwe sawa na ile ya uzi mtupu, ila juu yake. Ala nyingi zinazoitwa "mbovu, haishiki sauti" zina daraja lililosogea sentimita moja tu.

Angalia pia miguu ya daraja. Ikigusa uso kwa ncha tu, nusu ya sauti inapotea. Laza msasa juu ya uso, upande wa kukwaruza ukiangalia juu, uweke daraja hapo na ulisogeze mbele na nyuma polepole. Miguu italiwa mpaka ifuate mbinuko wa uso, na uso wenyewe hautaguswa. Anza na msasa namba 120, malizia na 220. Hii ndiyo dakika ishirini yenye faida kuliko zote. Mandolini yangu iliongezeka sauti kiasi cha jirani wa ukuta wa pili kuuliza kama nimenunua spika.

Kimo cha nyuzi hupimwa kwenye freti ya 12. Milimita 2 ni raha ya vidole, 3 ni mateso. Daraja lenye magurudumu mawili madogo huteremshwa kwa kuyazungusha, baada ya kulegeza nyuzi. Funguo ngumu zipe tone moja la mafuta ya cherehani kila moja.

Hesabu yangu yote ilikuwa hivi: seti mbili za nyuzi shilingi 1,600, msasa 100, mafuta 150, na 450 za fundi aliyenigundishia ubavu mmoja wa ndani. Jumla 2,300. Ukiongeza bei ya ununuzi ni 8,300.

Yasiyofanywa

Niliwahi kuletewa mandolini kutoka Pwani iliyopita kwa seremala mwenye nia njema. Daraja lilikuwa limegundishwa kwa gundi ya viti, milimita chache mahali pasipo pake, na uso umepigwa vanishi ya milango mara tatu. Ilikuwa inang'aa kama gari la harusi na inalia kama sanduku. Vanishi nene huongeza uzito palepale tunapotaka wepesi. Basi usigundishe daraja, usipige vanishi mpya, usipige skrubu kwenye kisigino cha shingo, usipige msasa kuondoa rangi ya zamani. Vumbi futa kwa kitambaa kilichonyevuka kidogo, basi.

Usiiache ndani ya gari kwenye jua. Gundi ya viwanda vya zamani mara nyingi ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na joto huilainisha. Mchana mmoja wa Kisumu ndani ya matatu iliyoegeshwa unaweza kuing'oa shingo. Kwa walio baharini, futa nyuzi kila baada ya kupiga. Chumvi ya hewa ya Mombasa huzila haraka. Huku kwenye maji baridi nyuzi zangu hudumu muda mrefu zaidi.

Kuuza au kubaki nayo

Sasa turudi kwa yule anayenipigia simu. Kinanda cha umeme kimechukua nafasi ya ala nyingi katika harusi zetu, na simlaumu mtu. Kinabebwa na mmoja, kinalipwa mmoja. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana anayetaka kujifunza uzi hana pa kuanzia. Udi mzuri ni ghali, na ganuni ndiyo usiseme. Mandolini mpya ya bei ya chini kabisa, ikipatikana, mara nyingi nayo ni plaiwudi iliyokandamizwa, kama ya babu, isipokuwa bado haijathibitisha kwamba itadumu miaka hamsini. Ya babu imeshathibitisha.

Ushauri wangu ni huu. Ikianguka mtihani wa shingo, muuzie mpambaji, na umwambie ukweli. Ikifaulu, tumia hizo elfu mbili na ushei uisikie kwanza. Ukiisha kuisikia, kama hakuna nyumbani anayeitaka, usitafute hoteli. Tafuta mtoto wa mtaani anayegonga meza darasani mpaka mwalimu amtoe nje. Muuzie kwa bei ya nyuzi, au muazime kwa sharti kwamba atarudi baada ya miezi sita akupigie wimbo mmoja mzima. Asiporudi, kaichukue. Akirudi na wimbo, mwachie.